Watoto wanaoniamkia shikamoo ndio waliomgeuza binti yangu stika. Chanzo chake ni nini?

Mama wa Uyole, Mbeya

Habari za jioni ndugu zangu. Nawaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu jambo hili nimelibeba wiki tatu na sijapata pa kulitua.

Nina binti wa miaka 14, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Hana simu yake mwenyewe. Nikirudi sokoni jioni humwachia simu yangu kwa saa moja au mbili, kwa kuwa mwalimu wao wa tuisheni huweka maswali ya hisabati katika kundi la WhatsApp. Jumamosi moja ya mvua, wakiwa wanasubiri mlango wa tuisheni ufunguliwe, mwenzao mmoja alimpiga picha akiwa amelowa chapachapa, sweta la shule limening'inia begani, mdomo umeachama kwa baridi. Picha ile ilikatwa ukabaki uso na mabega, ikageuzwa stika, na chini yake pakaandikwa: "Nitalipa Ijumaa."

Maneno hayo ni yangu. Viazi vilikuwa vimeshuka bei wiki ile, nikamtuma amwambie mwalimu kwamba fedha ya mwezi nitailipa Ijumaa, naye akayasema mbele ya darasa zima kama nilivyomwagiza. Sasa mwanafunzi yeyote akiombwa kalamu, akidaiwa daftari, akiulizwa jibu la swali, anairusha stika ya mwanangu.

Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa natafuta ujumbe wa mteja saa tano usiku nikaingia katika kundi lile kwa bahati mbaya, na jioni ile peke yake niliihesabu mara 23. Binti alikuwa amelinyamazisha kundi lakini hakutoka, kwa maana maswali yanawekwa humohumo. Ndipo nikaelewa kwa nini kila Jumamosi asubuhi anaumwa tumbo.

Baadhi ya watoto hao nawajua kwa majina na nawajua wazazi wao. Wakipita kwenye meza yangu huniamkia vizuri, na mmoja huwa ananisaidia kuinua gunia. Nini kinamfanya mtoto mwenye adabu ya namna hiyo afanye haya akishika simu? Ni umri, ni malezi yetu, au ni simu yenyewe? Na kabla sijakosea zaidi, nianzie wapi: nimnyime simu, niende kwa mwalimu, au niende polisi?

Mkazi wa Mafinga

Pole sana dada yangu. Kwa maoni yangu simu ndiyo mzizi wa yote, kwa hiyo umwondoe kwenye kundi hilo leo na simu asiiguse tena mpaka amalize kidato cha nne. Sisi tulisoma bweni, tukapewa majina ya kila aina kwa sababu ya masikio, ya miguu, ya makabila yetu, na hakuna aliyekwenda kulalamika. Watoto wa sasa hawajazoea kutaniwa. Mpe muda, naye atazoea.

Mwalimu wa unasihi, Iringa

Shikamoo kwa wakubwa, na pole mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekabidhiwa dawati la malezi na unasihi, kwa hiyo mashauri ya namna hii huishia mezani kwangu.

Naomba nitofautiane kwa heshima na ndugu yangu wa Mafinga. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza uonevu wa wanafunzi huko Skandinavia katika miaka ya 1970, aliutenga na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: mtendaji amekusudia kuumiza, kitendo kinarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na wanaomtendea. Pima stika hii kwa vipimo hivyo na utaona jinsi mtandao unavyovibadilisha. Kurudia hakumhitaji tena mwonevu mwenyewe. Akishaitengeneza mara moja, darasa zima linaendelea kwa niaba yake, wakiwamo watoto ambao hawana chuki yoyote na binti huyu na ambao wangekataa kabisa kama ungewaambia kwamba wanamwonea. Nguvu nayo haitoki tena kwenye misuli. Ni kuwa na simu yako mfukoni wakati mwenzako anaazima ya mama yake kwa saa moja jioni, anakuta ameshachekwa tangu mchana, na hawezi kujibu.

Ndugu yangu, wewe uliitwa majina bwenini, na ukifunga shule uliyaacha bwenini. Nyumbani Mafinga ulikuwa mtoto wa mama yako mwenye jina lake. Binti wa Uyole anafuatwa hadi kitandani kwa mama yake, kwenye simu ya mama yake.

Sasa nije kwenye swali la chanzo, kwa sababu mama ameuliza swali zuri ambalo wazazi wengi hawaliulizi. Wengi huja wakiwa tayari wana mtuhumiwa.

Umri una sehemu yake. Mtoto wa miaka 13 hadi 17 anaishi kwa kukubaliwa na rika lake, na simu imempa njia ya kupima kukubaliwa huko kwa idadi: wangapi wamecheka, wangapi wametazama stetasi yake. Kuna pia jambo ambalo mwanasaikolojia John Suler aliliandikia mwaka 2004, kwamba mtu akiwa mtandaoni hulegeza vizuizi ambavyo angejiwekea akiwa ana kwa ana. Kwa Kiswahili chetu ningesema haya inamtoka. Haya hukaa machoni, na katika kundi la WhatsApp hakuna macho. Yule kijana anayekusaidia gunia anakuona unavyohema, ndiyo maana anakusaidia. Binti yako akiwa kitandani hamuoni.

Lakini sipendi tuishie kwa watoto, kwa sababu mtindo huu hawakuubuni wao. Katika makundi yetu ya ukoo, ya vikoba na ya mtaa, sisi wazazi tunasambaza picha ya mlevi aliyelala mtaroni, video ya mwizi anayepigwa, sauti ya mke na mume waliogombana usiku. Tena mara nyingi mtoto ndiye tunayempa simu atusaidie kuipakua. Mwaka jana mzazi mmoja alinijia akilalamika kwamba mwanawe amechekwa mtandaoni, na wakati tunazungumza simu yake ikalia, akaitazama, akacheka, akanigeuzia nione: mama mmoja amedondoka kutoka kwenye bodaboda na sketi imepanda. Sikujua nianzie wapi kumjibu.

Shule nazo zina lawama yake. Umaskini, kigugumizi, kurudia darasa, hedhi iliyomkuta mtoto darasani, yote haya huanza kutajwa hadharani na watu wazima kabla ya kufika kwenye simu. Mwalimu aliyepokea maneno "nitalipa Ijumaa" mbele ya darasa hakukusudia mabaya, lakini deni la mzazi lilipaswa kuzungumzwa na mzazi.

Kipindi kinachoniumiza kuliko vyote ni cha matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani huyaweka mtandaoni yakiwa na namba za watahiniwa, lakini wanafunzi waliokaa chumba kimoja cha mtihani wanajuana namba kama wanavyojuana majina. Mstari wa aliyepata sifuri hukatwa, huzungushiwa duara jekundu, na kuwekwa kwenye stetasi kabla mwenyewe hajapata bando la kuyatazama. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyejua matokeo yake kwa kuviona kwanza vicheko vya wenzake, na alikaa ndani siku nne.

Kuhusu kumnyima simu, nakusihi usianze na hilo. Mtoto akijua kwamba akisema ataadhibiwa kwa kunyang'anywa, mara ya pili hatasema, na binti yako hata mara ya kwanza hakusema. Mwaka 2019 UNICEF ilitangaza majibu ya vijana wa nchi 30 ambapo mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Maumivu ya tumbo ya Jumamosi asubuhi ndiyo hayo.

Kijana wa Iyunga

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wazazi. Nilisoma sekondari hapahapa Mbeya na nimemaliza miaka michache iliyopita. Nataka kumjibu mama swali lake la kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa waliotenda.

Darasani kwetu kidato cha tatu alikuwapo mwenzetu mwenye kigugumizi. Siku ya kufunga shule mwenzangu alikuja na simu kwa siri. Nikamrekodi yule kijana akijibu swali la historia, na wakati wa likizo nikaiweka ile sauti kwenye kundi la darasa. Vicheko vilianza kuingia, nami nilikuwa nimekaa ukumbini kwetu nikivihesabu. Sikuwa hodari wa masomo, sikuwa mchezaji, na sikuwahi kutajwa darasani kwa jambo lolote. Jioni ile kila mtu alikuwa anataja jina langu. Sikumchukia yule kijana hata kidogo. Alikuwa ni njia ya mimi kuonekana, na nilijiambia kwamba ni utani.

Shule ilipofunguliwa alikaa dawati la mbele yangu. Mwalimu alimwita jina, akasimama, akaulizwa sababu za Vita vya Maji Maji, naye akatikisa kichwa kwamba hajui. Daftari lake lilikuwa wazi mezani na sababu zote zilikuwa zimeandikwa pale, kwa mwandiko mzuri, naziona kwa nyuma ya bega lake. Hakujibu swali lolote kwa mdomo mwaka ule wote. Nilikuja kumwomba radhi baada ya kumaliza shule, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili, lakini lile swali alilotikisia kichwa bado ninalisikia.

Jambo ninalotaka wazazi walijue ni kwamba wanafunzi wenzangu 50 na zaidi walikuwa katika kundi lile, na ninaamini wengi hawakufurahia. Mmoja tu angeandika "futa hiyo", ningeifuta, kwa sababu nilikuwa nawaogopa wao kuliko walimu. Waliokuwa wananyamaza ndio walionipa ujasiri, nao hawakujua.

Afisa ustawi, Nyanda za Juu Kusini

Mama, umeuliza kuhusu polisi, nami nitajibu kwa kile ninachokifanya kila siku.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wazazi wakisikia hivyo hukimbilia kituoni. Lakini waliomtenda binti yako nao ni watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, mashauri yao yana mahakama yake, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Katika shauri lako ningeanza na mwalimu wa tuisheni na wazazi, kisha shule, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na ningeiacha njia ya polisi wazi endapo hawatasikia.

Usifute kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha stika, tarehe, saa na namba iliyotuma, uzihifadhi mahali ambapo binti hatazikuta kila afunguapo simu. Usizisambaze hata kwa nia ya kulalamika, maana nimeona mama akiiweka picha ya mwanawe kwenye makundi matano ili "dunia ione unyama huu", na dunia ikaiona kweli. Kumbuka pia kwamba laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na watoto wengi wanatumia laini za wazazi. Namba iliyorusha stika hiyo huenda imeandikishwa kwa jina la jirani yako mwenyewe, ambaye hajui lolote. Nenda kwake ukiwa na utulivu. Mzazi aliyeshtukizwa kwa lawama humtetea mwanawe kabla hajamuuliza.

Yakiwamo vitisho, picha za utupu, au mtu kudai fedha au mapenzi ili asisambaze picha, hapo usijadiliane na yeyote: nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na binti mwenyewe akitaka kuzungumza na mtu asiyemjua, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Mzee wa Kalenga

Nimesoma yote kwa miwani na kwa msaada wa mjukuu. Neno moja limetajwa humu mara kadhaa, na mimi kama mzee wa Kihehe haliniachi nilale. Ni neno utani.

Sisi tuna utani na Wangoni, watu ambao babu zetu walipigana nao vita vikali katika karne ya 19. Mngoni anaweza kuingia msibani kwangu akamsema marehemu maneno ambayo ndugu yangu wa damu angeyasema angefukuzwa. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, ndiye anayechota maji, na hatoki pale mpaka shughuli imekwisha. Kesho yake msiba ukiwa kwake, nami nakwenda kumlipa kwa ulimi uleule na kwa jembe lilelile. Utani una mwenyewe, una kujibiwa, una deni la kusaidiana, na wazee wanakaa karibu wakisikiliza wapi panazidi.

Binti huyu amejibu nini? Angewajibuje watoto 40 kwa simu ya kuazima? Ni nani kati yao aliyekuja kumfunika kwa koti siku ile ya mvua? Kijana wa Iyunga amesema alijiambia ni utani, nami namshukuru kwa ukweli wake, kwa sababu ndivyo wanavyosema wote, na tumewaacha waseme hivyo bila kuwafundisha neno lenyewe lina mzigo gani. Mjukuu wangu ana miaka 16 na ameniuliza leo, kwa mara ya kwanza, kama mtani anaruhusiwa kukataa kuchimba kaburi. Nimemwambia hapana.

Mkazi wa Mafinga

Mwalimu, nimekuelewa, na neno "atazoea" nalirudisha. Nimekumbuka kwamba yuko mwenzetu wa bweni ambaye hakurudi baada ya likizo ya Juni, na sisi tulisema wazazi wake wamekosa ada. Hatukuuliza. Bado naamini mtoto wa miaka 14 hahitaji simu usiku, lakini nakubali kwamba kumnyang'anya aliyeumizwa ni kumwadhibu yeye.

Mama wa Uyole, Mbeya

Nawashukuru wote, na kijana wa Iyunga nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa kuwa nilishaanza kuwachukia wale watoto.

Nimezungumza na binti juzi jioni tukimenya viazi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi si lazima tutazamane. Nilimwambia nimeiona. Alinyamaza hadi sufuria likajaa nusu, kisha akaniuliza, "Mama, kwani mwalimu ulishamlipa?" Nilikuwa nimemlipa Ijumaa ileile niliyoahidi. Hakuwa anajua. Kwa wiki tatu alikuwa anaamini kwamba stika ile inasema kweli.

Jana nilikwenda kwa mwalimu wa tuisheni nikiwa na picha za skrini nilizopiga kama afisa alivyoelekeza. Alishtuka, kwani huwa anaweka maswali yake na kutoka bila kusoma yanayofuata. Amebadilisha mpangilio ili wasimamizi peke yao ndio waweze kuandika katika kundi lile, na mambo ya fedha sasa atawapigia wazazi wenyewe. Mama wa mtoto aliyepiga picha tumeonana kwenye meza yangu sokoni. Alikuja akiwa amevimba, akaitazama ile stika, akakaa kwenye gunia bila kusema kitu, halafu akaniuliza kama namba iliyotuma ni yake. Ilikuwa ni yake. Ameomba wiki moja azungumze na mwanawe kwanza, nami nimekubali.

Najua stika yenyewe bado imo katika simu za watu na hakuna mwenye uwezo wa kuikusanya. Leo ni Jumamosi. Tumbo halikuuma, au kama liliuma hakusema. Alipokuwa anatoka aliniomba avae koti langu badala ya lile sweta, nikalitoa kwenye hanga, nikamfunga vifungo mwenyewe hadi juu.